Wadhamini Watatu

Katika matangazo ya kazi yanayobandikwa ubaoni au kupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine hapa kwetu Mwanza, baada ya umri na elimu na uzoefu na nakala za vyeti kwisha kutajwa, aghalabu huja sharti moja fupi ambalo waombaji hulipita haraka kama mtu apitaye mlango wa jirani asiye na haja naye: mwombaji ataje majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Sharti hilo ni la zamani kuliko simu. Nami, niliyekaa miaka mingi katika meza za utumishi nikizifungua bahasha za kaki na kuzipanga mafungu, nakiri kwamba mistari ile mitatu ya mwisho ilinieleza habari za mtu kuliko kurasa zote zilizoitangulia.

Juzijuzi alinijia barazani, Nyegezi, kijana mmoja aliyehitimu shahada ya usimamizi wa biashara pale chuoni Malimbe. Aliniamkia, akaketi, na nilipotazama mkononi mwake sikuiona bahasha. Alikuwa na simu, na ndani ya simu ukurasa wake wa LinkedIn, na katika ukurasa huo hesabu ya watu aliounganishwa nao: 1,140. Wageni huiona hesabu ya namna hiyo kuwa 500 na ziada tu, lakini mwenyewe huiona kamili, naye alinionyesha kamili.

"Mtandao nimeshaujenga, mzee," akasema. "Sasa nasubiri kuitwa."

Nikampa kalamu na karatasi, nikamwomba aniandikie wadhamini wake watatu. Jina la kwanza lilikuja upesi, la mhadhiri aliyemsimamia utafiti wake. La pili lilikuja baada ya kikombe cha chai: mjomba wake wa Magu, mtu mwema bila shaka, lakini nikamkumbusha kwamba ushahidi wa damu haupimwi na mwajiri hata kidogo. La tatu halikuja. Aliishika simu, akaipandisha na kuishusha ile orodha ya watu 1,140 kwa kidole, mara mbili, kisha akailaza kifudifudi juu ya mkeka.

Pengo lililopo baina ya hesabu ile na karatasi ile ndilo ninalokusudia kulizungumza, kwa kuwa vijana wanaotoka vyuoni mwetu kila mwaka, kuanzia Malimbe hata Bugando, wamehubiriwa sana habari za kujenga mtandao wa kitaaluma, wala hawakuambiwa mtandao huo unafanya kazi gani, kwa faida ya nani, na wapi nguvu zake hukoma.

LinkedIn ilifunguliwa kwa watu wote mwezi Mei mwaka 2003 huko Marekani, na Reid Hoffman na wenzake. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 26.2, na mwaka 2023 LinkedIn ikatangaza kwamba wanachama wake wamepita bilioni moja. Mtu hatoi bilioni 26 kununua daftari la salamu. Sehemu kubwa ya mapato ya jukwaa hilo hutoka kwa waajiri, wanaolipia ruhusa ya kutafuta ndani ya daftari, na kwa watangazaji. Mwanafunzi asiyelipa kitu ndiye bidhaa iliyopangwa rafuni, na si neno la matusi kulisema hivyo, maana hata muuza nyanya wa Soko Kuu hupenda nyanya yake ionekane. Mwenye kulielewa jambo hili ataelewa kwa nini mstari ule mfupi ulio chini ya jina lake una thamani kuliko picha yake ya joho. Mwajiri hatafuti kwa macho, hutafuta kwa maneno: huandika kazi anayoitaka na mji anaoutaka, na mashine humletea kurasa zenye maneno hayo. Kijana wangu alikuwa ameandika chini ya jina lake, kwa Kiingereza, kwamba yeye ni mhitimu mwenye ndoto na kiu ya mafanikio. Sijapata kumwona mwajiri aliyekaa mezani asubuhi akatafuta mtu mwenye kiu. Hutafuta mtunza hesabu, mtunza ghala, mpima ubora wa samaki, karani wa takwimu. Na mtu aliyeyakosa maneno hayo amejificha mwenyewe nyuma ya pazia.

Kabla sijaendelea, sharti nilisafishe neno moja. Vijana husema koneksheni, na katika midomo yao neno hilo limebeba mizigo miwili isiyostahili kubebwa pamoja: hapa lina maana ya kufahamiana na watu wa fani yako, na pale lina maana ya mtoto wa fulani kupewa kiti ambacho mwingine amekistahiki. Dhuluma hii ya pili ipo, na manung'uniko juu yake ni ya haki. Lakini kwa sababu yake baadhi ya vijana wenye murua hutahayari kuomba hata kile kilicho halali, wakidhani kwamba kumwandikia mtu asiye wa aila yao ni kujipendekeza; na wengine, kinyume chake, hudhani LinkedIn ni mlango wa nyuma wa kila ofisi. Kazi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko mwombaji hujisajili katika mfumo unaojulikana kwa jina la Ajira Portal, hupakia vyeti vyake, na kwa kawaida huitwa kwenye usaili wa kuandika kabla ya ule wa ana kwa ana. Kwa kazi hizo, saa tatu za kumfuata mkurugenzi mtandaoni ni saa tatu zilizotupwa ziwani. Afadhali azitumie kusoma.

Sasa nirejee kwenye kufahamiana kwa halali, na nianzie kivukoni Kigongo.

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja lenye urefu wa takriban kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia ile alisubiri kivuko, na siku za msongamano alikisubiri kwa saa mbili au zaidi. Magari yalijipanga, injini zikazimwa, watu wakashuka. Fundi wa mgodini aliegemea gari la muuguzi wa Sengerema. Mwalimu aliyehamishiwa Chato aligawana hindi la kuchoma na mfanyabiashara wa dagaa. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kwenda, waliulizana wanatoka wapi, wanafanya nini, na mambo ya huko yakoje. Katika foleni ile, miaka kadhaa iliyopita, karani mmoja ambaye sikumwona kabla ya siku hiyo alinitajia katika mazungumzo ya kuua wakati kwamba mahali pake pa kazi wanahangaika kupata mtunza ghala anayejua kompyuta. Nilirudi na habari hiyo mtaani kwangu, na mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa bure mwaka mzima akizungukwa na ndugu waliompenda, akaenda kuifanya kazi hiyo.

Zingatia kwamba ndugu zake walimpenda. Upendo wao haukumpa habari, kwa sababu walijua yale yale aliyoyajua yeye. Mwanazuoni wa Marekani Mark Granovetter aliligundua jambo hili miaka mingi kabla ya intaneti, akaliandika mwaka 1973, alipowachunguza watu wa kazi za kitaaluma, za ufundi na za uongozi katika mji mmoja karibu na Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, ni kama 17 tu katika kila 100 walioambiwa na mtu wa kuonana naye mara kwa mara. Kama 56 waliambiwa na mtu wa kuonana naye mara moja moja, na 28 na mtu ambaye humwona kwa nadra. Aliowahesabu katika jedwali hilo walikuwa wachache, 54 tu, na wala hakulificha hilo. Lakini tangu hapo dhana yake imepimwa mara nyingi na haikuanguka. Mtu wa mbali huishi katika mazungumzo usiyoyasikia.

Daraja leo huvukwa kwa dakika chache, na mgonjwa aliyewahi kulala Kigongo akisubiri mapambazuko anaijua fadhila yake kuliko mimi. Nasema tu kwamba baraza lile la wageni limevunjika, wala hakuna aliyelijenga jingine. Kama LinkedIn ina kazi kwa mwanafunzi wa Malimbe, kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuwa foleni ya kivuko. Na katika foleni hakuna aliyesalimia magari 1,140.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi mkubwa juu ya jambo hili, uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe. Kwa miaka mitano, kuanzia 2015, jukwaa hilo lilibadilisha namna linavyopendekeza watu wa kufahamiana nao, likawapa baadhi ya wanachama jamaa wa karibu zaidi na wengine jamaa wa mbali zaidi, kisha likatazama nani alihamia kazi gani. Waliohusika walizidi milioni 20. (Hawakuombwa idhini zaidi ya ile waliyoitoa walipojiandikisha, na waliolalamikia hilo sioni kwamba walikosea.) Ilionekana kwamba Granovetter alisema kweli, lakini kwa kiasi: waliofaa zaidi hawakuwa watu wa mbali kabisa, wasio na rafiki hata mmoja wa pamoja nawe, bali wa kati na kati, ambao mnao marafiki wa pamoja kama kumi hivi. Ilionekana pia jambo la pili, nalo ndilo linalotuhusu sisi wa kandokando ya ziwa. Nguvu ya mtu wa mbali ilikuwa kubwa katika kazi zinazoendeshwa kwa kompyuta na mitandao. Katika zile zisizoendeshwa hivyo, mtu wa karibu alifaa zaidi.

Tutembee basi na kipimo hicho katika mji wetu na mikoa jirani. Miradi ya utafiti wa afya, mashirika ya maendeleo yenye ofisi zao Capri Point na Isamilo, migodi ya Geita na Bulyanhulu katika kazi zake za kitaalamu, benki, kampuni za simu: huko mwajiri hutafuta mtandaoni, na mhitimu asiyekuwamo humo hayumo machoni mwake. Lakini mwenye jineri ya pamba hamtafuti mtunza mizani wake LinkedIn. Tajiri wa mitumbwi ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye kwa siku moja ya mbalamwezi hafifu hushika fedha kuliko mshahara wa ofisa wa benki wa mwezi, humpata karani wake kwa kumuuliza mtu aliyesimama kando yake. Warsha za vyuma, maduka ya jumla ya Barabara ya Nyerere, mawakala wa mizigo bandarini, wote hawa wanahitaji watu wanaojua hesabu na kuandika, na wote huajiri kwa sikio. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kazi zote zimo ndani ya simu hupita mbele ya Mwaloni kila siku ndani ya daladala, akiwa ameinamia kioo.

Viwanda vya kuchakata sangara viko kati ya hali hizi mbili, na hapo nitakaa kidogo. Mchana minofu hukatwa na vibarua wanaochukuliwa getini. Lakini nyuma ya vyumba vya minofu kuna maabara, na maabara hizo zina tarihi yake. Katika miaka ya mwisho ya 1990, na hasa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili, ikihofiwa kwamba kuna wavuvi waliotumia sumu. Na ili mlango ufunguliwe tena ilibidi ithibati itolewe, kwa vipimo na kumbukumbu, kwamba samaki ni salama. Tangu hapo kazi ya mpima ubora imekuwa kazi ya kweli Mwanza, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapa hapa Nyegezi.

Binti mmoja aliyesoma mambo ya uvuvi katika chuo cha hapa alikwenda fildi, kama wanavyosema, katika mwalo na kisha kiwandani. Wenzake walijaza daftari la mafunzo kwa vitendo kwa maneno yale yale kila wiki, wakagongewa muhuri, wakaondoka. Yeye aliwapima sangara wa kila mtumbwi uliofika akiwa zamu, akaandika wangapi hawakufika sentimeta 50 ambazo ndizo urefu wa chini unaoruhusiwa. Akapima joto la samaki juu ya sanduku, katikati na chini. Akaona kwamba katika masanduku ambayo barafu iliwekwa juu tu, wa chini walikuwa na joto kuliko inavyotakiwa. Alichora jedwali la ukurasa mmoja, akampelekea msimamizi wake. Kisha, na hapa ndipo alipowazidi akili wenzake, kabla hajaaga alimwomba msimamizi yule aandike katika ukurasa wake wa LinkedIn, palipotengwa kwa ajili hiyo, kile alichokiona kwa macho yake. Yule bwana aliandika sentensi nne, hakumsifu hata kwa neno moja la jumla. Alisema tu habari ya masanduku na barafu. Miezi kadhaa baadaye meneja wa kiwanda kingine, aliyefahamiana na msimamizi lakini hakumjua binti, alizisoma sentensi zile nne, akampigia simu msimamizi kabla hajampigia mwenyewe. Binti ana watu 87 katika mtandao wake.

Jambo hili la kushuhudiwa na mtu wa tatu si geni hapa. Katika miaka ya 1950, wakati Paul Bomani na wenzake walipounda umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na hatimaye mwaka 1955 ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya pamba, kilio cha mkulima wa Kisukuma kilikuwa mizani ya mnunuzi. Mkulima aliujua uzito wa pamba yake, mnunuzi alitaja uzito mwingine, na hapakuwa na wa tatu wa kusema. Dawa ya kwanza ilikuwa mizani nyingine, iliyoshikwa na mtu ambaye mkulima alimwamini. Mdhamini ni mizani hiyo ya pili. Mwombaji hutaja uzito wake kwa kinywa chake, na ndiyo maana wasifu hauaminiki hata ukipambwa kwa rangi gani. Anayehitajika ni mtu aliyeuona uzito na asiyepata faida kwa kuuongeza.

Naye asiyepata faida anaweza kupata hasara, nami naijua hasara hiyo. Zamani, nikiwa kijana mwenye cheo kidogo kilichonilevya, niliombwa na dada yangu nimwandikie mwanawe barua ya utambulisho kwa mwajiri mmoja wa hapa mjini niliyeheshimiana naye. Sikuwahi kuiona kazi ya yule kijana hata siku moja. Niliandika kwamba ni mwaminifu na mchapakazi. Wiki ya tatu aliondoka na fedha za mauzo, na yule mwajiri hakunitolea neno la ukali. Aliacha tu kujibu barua zangu, pamoja na zile nilizowaandikia watu waliostahili. Dhamana ni mali inayoliwa. Kwa hiyo mtu mkubwa asiyekujibu mtandaoni huenda si mwenye kiburi. Huenda anailinda akiba yake, nawe hukumpa sababu ya kuitoa.

Hapo ndipo lilipo kosa la barua nyingi ninazoonyeshwa. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana, lakini kijana wangu alikuwa amewapelekea watu zaidi ya sitini waraka mmoja usiobadilika, ukiomba kuunganishwa na kuomba nafasi yoyote ile, na nafasi yoyote ile ni nafasi ambayo hakuna anayeweza kukupa. Tukaandika mwingine pamoja, wa mistari mitano, kwa mtu mmoja tu: kwamba ametajiwa jina lake na mhadhiri fulani, kwamba amesoma habari ya ghala lao jipya, kwamba utafiti wake ulihusu upotevu wa bidhaa katika maduka ya jumla, na kwamba angependa kumuuliza swali moja, nalo likaandikwa. Hatukuomba kazi. Mwenye kuulizwa swali la fani yake hujibu, kwa sababu ni raha kuulizwa unachokijua.

Nilimhadharisha kwa maneno machache kuhusu walaghai, ambao nao wamehamia humo: anayekuambia umepata kazi usiyoiomba, kisha akakutaka utume fedha ya fomu au ya vipimo vya afya kwa namba ya simu, hana kazi ya kukupa. Na namba ya kitambulisho cha taifa na nakala ya vyeti havirushwi katika makundi ya WhatsApp kama tangazo la msiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini sheria haiwezi kukirudisha ulichokigawa mwenyewe.

Ikabaki karatasi yetu, yenye jina moja halali. Kiti cha mjomba kilijazwa na msimamizi wake wa fildi, ambaye kijana alikuwa amemsahau kwa kuwa hakuwahi kumwongelesha tangu alipogonga muhuri. Hilo litamgharimu safari ya miguu na maelezo. Kuhusu wa tatu nilimuuliza alipata wapi nauli na ada ya chakula miaka yote mitatu ya chuo. Akaangalia chini. Alikuwa akishinda jioni na Jumamosi katika stesheneri moja nje ya geti la chuo, akichapa kazi za wenzake na kutoa nakala, na kwa kuwa mama mwenye duka hakupenda hesabu, daftari la mauzo na la madeni alilishika yeye. Miaka mitatu, na daftari halikupoteza shilingi. Katika ukurasa wake hakuliandika neno hata moja juu ya hayo, kwa sababu, alisema, ile haikuwa kazi, ilikuwa kujikimu tu.

Nikamwambia ampigie mama yule hapo hapo. Aliweka simu katikati yetu juu ya mkeka, akamsabahi, akaeleza kwa mzunguko mrefu na adabu nyingi habari za wadhamini na waajiri na majukwaa ya kitaaluma, huku nyuma yake tukisikia mashine ya nakala ikitema karatasi. Yule mama alisikiliza hata mwisho.

"Sawa, mwanangu, jina langu andika," akasema. "Ila waambie wasipige mchana, hizi mashine zinapiga kelele, sitawasikia. Wapige saa mbili usiku. Na lile daftari ninalo bado, wakilitaka nitalileta."

Kijana aliandika jina lake kwenye mstari wa tatu, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo: baada ya saa mbili usiku.